Usitie sahihi hiyo fomu ya IB Ijumaa kabla hujaniambia kozi unayoitaka

Weka kalamu chini kwanza. Nilikuwa kwenye foleni ya benki hapa Nakuru, mtu wa nne, nasoma swali lako kwenye simu, nikafika pale ulipoandika "Hesabu nitachukua ile nyepesi ili pointi zipande", nikatoka foleni. Sasa nimekaa kwenye ngazi nje, askari wa mlangoni ananiangalia kama mtu aliyenyimwa mkopo. Sawa tu. Hii haiwezi kungoja.

Kwa wanaopita: mdogo wetu yuko Gredi ya 10 huko Kisumu. Shule moja ya kimataifa ya Nairobi imempa nusu ya karo ahamie Agosti akasome Diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa kumalizia sekondari), miaka miwili. Anauliza kama ni ngumu kuliko huku kwetu, kama atapata usingizi, kama ataendelea na voliboli, TOK ni mdudu gani, wanafunzi wa huko wana maringo kiasi gani, na mwisho kabisa, aende au asiende. Fomu inarudi Ijumaa, ikiwa na masomo sita yaliyokwisha kuchaguliwa.

Masomo sita, Ijumaa. Mimi nilizikwa hapo hapo.

Mwaka 2021 nilikuwa ndio kwanza nimeingia kidato cha tatu. Nikapata nusu ya karo kama wewe, shule nyingine, jina lake silitaji. Mimi na baba tukapanda matatu ya saa kumi na moja alfajiri, tukaingizwa kwenye ofisi yenye zulia, kuna sahani ya biskuti ambazo baba alikataa kugusa akidhani zitaongezwa kwenye karo. Mshauri wa masomo akafungua karatasi. Tulimaliza yote kwa dakika ishirini. Dakika ishirini! Mama akinunua gunia la maharagwe Soko la Wakulima hutumia muda mrefu zaidi, na yeye huingiza mkono mpaka chini kabisa kuona kama yamechanganywa.

Sasa nisikilize kuhusu hizo hesabu, maana mengine yote yanatibika. IB ina Hesabu mbili. Moja inaitwa AA (Analysis and Approaches): aljebra, kalkulasi, uthibitisho, ile hesabu ya kumkunja mtu mgongo. Nyingine ni AI (Applications and Interpretation, si ile ya akili mnemba): takwimu, modeli, kikokotoo cha grafu mkononi muda wote. Kila moja ina ngazi ya juu, wenyewe wanaiita HL, na ngazi ya kawaida, SL. Kwa hiyo kwenye fomu yako una vyumba vinne, na vyumba hivyo havitokei barabara moja. AI si hesabu ya wajinga, asije mtu kunirushia mawe. Kuna kozi kibao inazozifaa. Ila mimi niliingia ile ofisi nikisema kwa sauti, baba shahidi, kwamba nataka uhandisi wa mitambo, tena Ujerumani, kwa sababu vyuo vingi vya umma kule havitozi ada ya masomo. Huo ndio ulikuwa mpango mzima wa ukoo wetu. Hatukuwa na mwingine.

Mshauri akatabasamu, akaandika AI, SL. Nikauliza kama haina shida. Akasema, "Vyuo vinaangalia jumla ya pointi. Chukua hii upate 7 yako bila jasho."

Nikaichukua. Na nikaipata hiyo 7, alama ya juu kabisa ya somo! Kama kuna mtu anataka kuiona 7 iliyokaa bure tangu 2023, iko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati la mama, karibu na hati ya ploti tuliyoiuza.

Hesabu ya pointi huenda hivi: kila somo lina alama ya juu 7, sita ni 42, halafu kuna 3 za nyongeza kutoka kwenye insha ndefu na TOK (Theory of Knowledge, nakuja kuieleza), jumla 45. Ukifika 24 na kutimiza masharti mengine, diploma ni yako. Mimi nilipata 34. Julai 2023 kuku wawili walichinjwa kwetu. Baba alipiga simu hadi kwa watu aliokuwa amekosana nao.

Wiki moja baadaye, ndio nikaketi kusoma masharti ya Ujerumani kwa utulivu. Ndiyo, baada ya mtihani. Cheka, nimeshazoea. Kwa kule, ukitaka kuingia chuo moja kwa moja na IB, Hesabu ya AA inakubalika ikiwa SL au HL. AI inakubalika ikiwa HL tu. Ukiwa na AI ya SL, unapelekwa kwanza Studienkolleg, darasa la maandalizi la kama mwaka mmoja, halafu mtihani, ndio uombe chuo. Na huko nako wanataka ujue Kijerumani cha kutosha kabla hujaingia. Na viza inataka uweke pesa za matumizi ya mwaka kwenye akaunti iliyofungwa. Mwaka ule zilikuwa yuro 11,208. Baba aliuliza ni za nini. Nikamwambia ni za kukaa. Akasema, "Kukaa wapi, Ikulu?"

Zaidi ya milioni moja na nusu za Kenya, kisa sanduku moja kwenye fomu. Ningeweka alama kwenye AA, hata ya SL, sanduku la jirani yake tu, nisingekuwa nakuandikia hapa. Nirekebishe: pesa za akaunti zingetakiwa hata hivyo. Lakini tulikuwa tumejipanga kwa mwaka wa chuo, si mwaka wa kurudia hesabu ambazo rafiki zangu walikuwa wakizifanya chumba cha pili, nikizisikia kupitia ukuta.

Uingereza? Nilichungulia. Kozi nyingi za uhandisi kule zinataka Hesabu ya HL, na zingine zimeandika kabisa kwamba iwe AA. Zimeandika, kwa maandishi, kwenye kurasa za vyuo vyenyewe, bure, mtu yeyote mwenye bando la shilingi hamsini angesoma. Mshauri analipwa mshahara na ana intaneti ya ofisi. Mpaka leo nikikumbuka lile tabasamu natamani kurudi nikale zile biskuti zote.

Na usidhani sikujaribu kubadilisha. Ilikuwa Oktoba ya muhula wa kwanza. Fizikia nilikuwa nimechukua HL, na wenzangu waliokuwa AA walikuwa wakimaliza swali huku mimi bado natafuta kitufe kwenye kikokotoo. Nikaenda ofisini. Nikaambiwa tusubiri matokeo ya mwisho wa muhula. Matokeo yakaja mazuri, nikaambiwa sasa unabadilisha nini na unafanya vizuri? Kufika Januari nikaambiwa wenzako wamefika mbali, hutawakuta. Kwa hiyo andika hii mahali: dirisha la kuhama somo ni wiki chache za mwanzo, na anayekwambia "tusubiri tuone" anakufungia hilo dirisha taratibu ili usisikie kishindo.

Kila Hesabu ya IB ina kazi ya uchunguzi unayojichagulia mwenyewe, ni asilimia 20 ya alama. Mimi Desemba nzima nilisimama stendi ya matatu za Njoro na daftari, nikipima gari la watu 14 linachukua dakika ngapi kujaa. Kondakta mmoja alinifuata siku ya pili: "Wewe ni wa NTSA?" Yaani wale wa usalama barabarani. Nikamwambia nasoma hesabu. Akasema, "Hesabu gani ya kuhesabu watu? Hata mimi nahesabu watu." Siku ya nne akawa ananisaidia, ananipigia kelele dakika zikifika. Ilikuwa kazi nzuri na niliipenda kwa moyo wangu wote. Ila hakuna profesa wa mitambo mahali popote aliyewahi kuuliza gari la Njoro hujaa lini.

Basi nikarudi nyumbani. KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, sina, kwa sababu niliikimbia kidato cha tatu. KUCCPS hugawa nafasi za vyuo kwa waliofanya KCSE, kwa hiyo wenzangu niliowaacha, hata yule niliyekuwa namwazima majibu ya kemia, waliitwa vyuoni huku mimi nikihangaika kulinganishiwa cheti na KNEC, baraza la mitihani. Mwaka mzima nilikaa sokoni na mama nikipima maharagwe. Mteja akiniuliza nimesoma wapi nilikuwa nasema hapa hapa. Leo nasomea takwimu katika chuo kimoja cha huku Bonde la Ufa, najilipia, na naipenda, sitadanganya. Ila ukiniona nimesimama mbele ya trekta lililofunguliwa injini, nipitie tu, usiniongeleshe.

Kuna jamaa hapo juu kaandika "IB inafungua milango yote duniani, mwambie aende". Ndugu, umewahi kusukuma hata mmoja? Masharti ya mlango huwekwa na mwenye nyumba. IB inakupa rundo la funguo tu, na ukichagua rundo baya utasimama nje na cheti chako kizuri, mvua inakunyeshea. Mjomba wangu pia alikuwa wa kundi hilo. "Kimataifa ni kimataifa." Yeye hata Malaba hajavuka.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya Ijumaa, na ukifanya hili moja sitakusumbua tena. Anza na kozi, halafu rudi nyuma hadi kwenye somo. Usianze na somo. Chukua karatasi, andika kozi mbili au tatu unazoziwaza, hata kama ni za kubahatisha. Mbele ya kila moja andika vyuo viwili, kimoja kiwe cha Kenya. Fungua ukurasa wa chuo chenyewe, si wa wakala, si wa shule inayokutaka, utafute wanasema nini kuhusu IB. Pita ile jumla ya pointi, macho yasikwame hapo, shuka mpaka penye majina ya masomo na ngazi zake. Kama hujaelewa, waandikie barua pepe ofisi ya udahili, na wakijibu, chapisha hiyo barua uende nayo shuleni. Mshauri akisema "usijali", mwekee mezani.

Kama ni uhandisi, fizikia au mambo ya kompyuta, chukua AA ya HL na uanze kulia mapema. Kama hujui kabisa unataka nini, basi usishuke chini ya AA ya SL, utakuwa umebakisha nafasi ya kubadili mawazo. Kama ni kitu ambacho AI inatosha na chuo kimeandika hivyo, chukua AI kwa raha zako, uje nikusimulie habari za matatu.

Ugumu, ndiyo, uliuliza. Ni mwingi lakini hauui. Kuna insha ya maneno 4,000 unayojitafutia mada, kuna insha ya TOK ya maneno 1,600 ambamo unaulizwa umejuaje unachokijua (babu yangu angepata alama zote), kuna CAS ya miezi 18 ya michezo, ubunifu na kuhudumia watu. Tatizo si kila kimoja, ni kwamba vyote huiva pamoja kuanzia Septemba ya mwaka wa pili, wakati huo huo unaomba vyuo. Usingizi utaupata, si mwezi huo. Kiswahili niliona mteremko nikapata 6, kwa sababu Kiswahili chetu cha Nakuru kina mashimo kuliko barabara.

Na hiyo nusu ya karo: nusu ya mlima bado ni kilima. Waambie waandike ni nusu ya nini. Bweni limo? Ada ya mtihani? Kikokotoo? Sisi tulijua baada ya muhula wa kwanza, na ndipo ploti ya 50 kwa 100 kule Kiamunyi ikapata mwenye mpya. Ameshajenga. Ghorofa moja, rangi ya machungwa. Baba hupitia njia ya nyuma.

Sijasema usiende. Nilijifunza kuandika kule, na nilikutana na mwalimu wa fizikia ambaye ningemfuata mpaka mwezini. Ila hujaandika popote kwenye swali lako unataka kusomea nini, nimelisoma tena sasa hivi, hakuna. Umetaja voliboli mara mbili.

Andika hapa chini kozi moja na chuo kimoja, hata kwa makosa ya tahajia, tuyafungue masharti yake pamoja leo usiku. Benki wameshafunga, chaji iko asilimia tisa, nikifika nyumbani naingia tena. Na kama unamjua mama yangu, usimwoneshe nilivyosema kuhusu bahasha.