Red red na kelewele nyumbani: kabla ya mchuzi, ijue ndizi yako

Mkuu nimeliona swali lako, kwamba shemeji kaacha nyama na samaki, ukataka umpikie ile red red ya Ghana, kunde za mawese na ndizi za kukaanga, uliyoionja kwa rafiki yako, ukaishia kupata ndizi ngumu zimekunywa mafuta na mchuzi wa kunde uliopooza. Wachangiaji wa juu wanakwambia uongeze pilipili. Pilipili haina kosa hapo, kosa lilianzia sokoni, na nasema hivyo kwa sababu na mimi nimepita humo humo.

Nilikaa Accra miaka miwili nikisoma, nimepanga mtaa wa Madina huko huko, na karibu na geti letu alikuwepo mama anauza chakula, sote tunamwita Auntie kama wanavyoitwa akina mama wengi wa chakula kule. Mchana kunde na ndizi, jioni kelewele, yaani vipande vya ndizi vya viungo vya kukaanga. Sikuwa mtu wa kukwepa nyama wakati ule, mfuko tu ndo ulikuwa umenikwepa, na sahani ya red red ilikuwa inanibeba mpaka usiku. Niliporudi Dar hamu ikanizidi nikaenda kununua ndizi Bukoba, nikaziacha zikaiva, nikazitumbukiza kwenye mafuta, zikavurugika zikawa kitu hakina jina. Ndizi Bukoba iache kwenye mchuzi wake, huko haina mpinzani. Kwa chakula hiki unataka ndizi mzuzu, ile ndefu yenye kona kona na ganda gumu, au mkono wa tembo ukiupata. Mimi nazifuata soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, ukimwambia muuzaji mzuzu ya kukaanga anajua akupe ipi.

Sasa ukishapata mzuzu kazi ndo inaanza, maana huyu mtu anabadilika kila siku anayokaa jikoni kwako. Ikiwa kijani ni wanga mtupu, ya kuchemsha au kutwanga. Ikiwa ya njano imeanza madoa meusi, wanga umeshageuka sukari lakini nyama yake bado imeshikana, hiyo ndo ya kukaanga. Ikiwa nyeusi karibu yote na inabonyea, usiitupe, ina kazi yake nakuja huko. Auntie alikuwa anashika ndizi anaibonyeza kwa kidole gumba pale karibu na kikonyo, anaiweka kwenye beseni la leo au la kesho, wala haangalii rangi sana. Nikimuuliza anajuaje ananicheka. Ndizi zako wewe nahisi zilikuwa za kesho kutwa mkuu, za njano safi bila hata doa, ndo maana zikatoka ngumu.

Kukaanga: kata mshazari, unene wa kidole, chumvi kidogo sana na uitie dakika ya mwisho kabla ya kuingiza kwenye mafuta maana chumvi inavuta maji, ndizi ikilowa mafuta yanaruka na haikauki vizuri. Moto wa kati. Mafuta yakiwa hayajapata moto ndizi inayanywa yote (ndo yaliyokukuta), yakiwa ya moto kupita kiasi sukari inaungua nje imeshakuwa nyeusi wakati ndani bado. Tumbukiza kipande kimoja kwanza, povu likimzunguka taratibu endelea, na usijaze karai.

Kunde sasa. Zile nyeupe zenye jicho jeusi, nusu kilo inatosha watu wanne, loweka usiku, chemsha mpaka ziive ila zisipasuke. Pembeni weka mawese nusu kikombe, haya yetu ya Kigoma yanafaa kabisa, ila usiyachome mpaka yakapoteza rangi kama wengine wanavyofanya, ule wekundu ndo chakula chenyewe: mchuzi mwekundu wa mawese, ndizi nyekundu ya kukaangwa, red red. Vitunguu vitatu vikubwa ukate vyembamba uvitie humo na hapa naomba uwe na subira mkuu, dakika kumi na tano, ishirini, moto mdogo, mwanzoni vinapiga kelele kama mvua kwenye bati halafu vinanyamaza vinaanza kunukia utamu, vikinyamaza ndo unatia tangawizi ya kusaga na pilipili mbuzi moja nzima bila kuipasua, kisha nyanya tano, unaacha mpaka mawese yapande juu. Watu wengi wanatia nyanya vitunguu vikiwa bado vibichi halafu wanashangaa mchuzi una uchachu. Ukitia kunde ponda kama upawa mmoja kwa mgongo wa mwiko ili mchuzi ushike.

Kuhusu kupooza: wenzetu kule vyakula vingi vinapata nguvu kutoka kwa samaki mkavu, kamba wa kusaga, hata shito, ile pilipili yao nyeusi ya chupa, ina samaki na kamba ndani, kwa hiyo ukiletewa zawadi ya shito usimwekee shemeji ukidhani ni pilipili tupu. Ukitoa samaki lazima uweke kitu pale. Wenyewe wanacho, dawadawa, mbegu za mti zinazochemshwa zikachachushwa, Wayoruba wanaita iru, Mali na Burkina Faso sumbala. Inanuka vibaya jamani sikufichi, nilirudi na kifurushi ndani ya begi na mashati yangu yakanuka wiki nzima, ila ukiitia kijiko kwenye mawese ya moto ile harufu inalainika inakuwa nzito kama ya mchuzi uliokaa na nyama. Yangu iliisha kitambo. Siku hizi nakausha uyoga, nausaga, natia vijiko viwili pamoja na vitunguu. Haifiki pale pale lakini mchuzi unasimama.

Juu ya kunde wananyunyizia gari, yaani muhogo uliokunwa, ukachachushwa, ukakamuliwa na kukaangwa mkavu mpaka ukawa chenga chenga. Kuna mtu hapo juu kasema utumie unga wa makopa, hapana mkuu, utapata uji juu ya kunde. Kama huna gari acha tu.

Kelewele ni rahisi na ndo itakayompendeza shemeji kuliko zote, niamini. Ndizi za madoa mengi zaidi kidogo, kata vipande vya mraba, saga tangawizi, kitunguu, pilipili na karafuu mbili tatu, changanya, acha dakika kumi, chumvi mwisho, kaanga. Kula na karanga za kukaanga. Inanuka karafuu na tangawizi mpaka ngazini, majirani watakuja kuazima chumvi ambayo wanayo. Na siku hutaki mafuta choma mzuzu kwenye mkaa moto mdogo ukiigeuza geuza, nayo unakula na karanga. Kule Ghana wanaiita Kofi Brokeman, chakula cha Kofi aliyefulia, na nilikuwa Kofi mara nyingi sana.

Zile nyeusi zinazobonyea: ponda, changanya na unga wa mahindi kidogo, kitunguu, tangawizi, pilipili, chumvi, kaanga kama chapati ndogo ndogo kwenye mawese. Inaitwa tatale, wanakula na njugumawe za kuchemsha. Mie hii ndo naipenda kupita red red, ila sikutaka kuanza nayo maana ungeniona nimekimbia swali.

Za kijani chemsha ule na mboga ya majani ya magimbi, wao wanaita kontomire, na badala ya agushi, zile mbegu za jamii ya tikiti, saga mbegu za maboga. Majani yaive hasa yasije yakawasha koo. Fufu sitakushauri. Nilijaribu kutwanga ndizi na muhogo gorofa ya tatu, kinu kipo kwenye zulia na taulo juu ya zulia, baba wa chini akapanda na pajama kuuliza kama tunavunja ukuta.

Anza na kelewele wikiendi hii, red red ije wiki ijayo ndizi zikiwa zimefika. Na kunde zikibaki weka friji, asubuhi utakuta mawese yameganda juu rangi ya chungwa, usishtuke ukamwaga, pasha moto mdogo yanarudi, na siku ya pili ndo zinakuwa tamu zaidi.