Kuhusu buibui mweusi wa ukutani, Wete

Ndugu yangu, umeuliza kama buibui mweusi mwenye michirizi myeupe uliyempiga picha ukutani mwa nyumba yenu Wete ni mrukaji, yaani buibui anayewarukia wadudu anaowawinda, na kama ni spishi inayopatikana Pemba peke yake.

Kwamba ni mrukaji sina shaka, kwa kuwa kati ya macho yake manane yale mawili ya katikati ni makubwa kupita yote na yanatazama mbele moja kwa moja, nayo ndiyo alama kuu ya familia ya Salticidae, yenye spishi zaidi ya 6,000. Mstari mpana mweupe unaotoka kichwani hadi juu ya tumbo, pamoja na madoa mawili meupe karibu na ncha ya tumbo, unanielekeza kwa dume la Plexippus paykulli. Huyu si wa Pemba pekee. Alielezwa kisayansi tangu 1826, na leo anaishi majumbani karibu kote katika nchi za joto, akivizia wadudu bila kutega utando.

Hata hivyo rangi peke yake haitoshi. Uthibitisho hutokana na umbo la vipapasio (viungo viwili vidogo vilivyo karibu na mdomo) vya dume aliyekomaa, au la sehemu ya uzazi iliyo chini ya tumbo la jike, vikitazamwa kwa hadubini. Nakusihi usimuue: mfunike kwa gilasi, mpige picha ya uso na ya ubavuni, kisha mwachie arudi ukutani.