Dumu la lita 3 kwa 17,500 au la lita 5 kwa 28,900, lipi nafuu?

Tafuta bei ya lita moja kwa kila dumu. Swali ni "shilingi ngapi kwa lita", kwa hiyo shilingi ndizo zinazogawanywa na lita ndizo zinazogawanya:

17,500 ÷ 3 = 5,833.33
28,900 ÷ 5 = 5,780

La lita 5 ni nafuu, kwa shilingi 53 na senti kadhaa kila lita. Ukipata jibu kama 0.00017 umegeuza: hiyo ni sehemu ya lita unayopata kwa shilingi moja.

Mtu akikuambia bei za madumu haya ni sawa, amekadiria mapema. Kwenye mia ya karibu, 5,833 inashuka kuwa 5,800 na 5,780 inapanda kuwa 5,800 hiyohiyo, tofauti imemezwa. Linganisha kwanza, kadiria mwishoni. Na usikadirie halafu ukazidisha: lita 60 kwa 5,780 ni 346,800, ila kwa 5,800 unapata 348,000, kosa la 1,200 zima.

Kuna maswali ambayo kanuni ya kukadiria ya "5 na kuendelea panda, chini ya 5 shuka" haifai kabisa. Unahitaji lita 22 na duka lina madumu ya lita 5 tu: 22 ÷ 5 = 4.4. Ukiandika 4 utapungukiwa lita 2, jibu ni madumu 5. Kinyume chake, ukiwa na 100,000, gawanya kwa 28,900 upate 3.46, unaondoka na madumu 3 na chenji 13,300. Hata ingekuwa 3.9, bado ni matatu, muuza duka hakopeshi desimali.