Jina la Baba kwenye Fomu ya Darasa la Kwanza

Dada yangu alipofariki mwaka 2004 aliacha mtoto wa kiume wa miaka mitatu, ambaye baba yake naye alikuwa ametangulia mwaka uliopita. Baada ya matanga ndugu walikubaliana kwamba nimchukue mimi, mama yake mdogo, nami nikarudi naye Morogoro, ambako mume wangu alimpokea bila kinyongo. Siku ya kumwandikisha shule, palipotakiwa jina la baba tulijaza jina la mume wangu. Tulidhani tunamfanyia ihsani, asije akaulizwa na wenzake kwa nini majina yake hayafanani na ya watoto wetu wawili.

Jina lile lilimfuata katika mtihani wa darasa la saba, kidato cha nne na cha sita. Mwaka 2020, alipotaka kuomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, tulielezwa kwamba mwombaji aliyefiwa na wazazi huambatisha vyeti vyao vya vifo vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Cha dada yangu tulikuwa nacho, kwa sababu alifia hospitalini. Cha shemeji hakikuwepo, kwani alifia nyumbani kijijini na hakuna aliyekumbuka kusajili kifo chake. Tulikipata baada ya safari mbili na barua ya mtendaji wa kijiji, tukagundua kwamba jina la marehemu halilingani na lolote lililo katika vyeti vya mwanawe. Kwa mujibu wa makaratasi, kijana wetu alikuwa na baba aliye hai na mwenye ajira. Tulikwenda kwa wakili kula kiapo, lakini muda wa maombi ulikwisha kabla hatujamaliza, naye akakaa nyumbani mwaka mzima.

Kwa hiyo, wewe uliyeachiwa mtoto wa ndugu, fuatilia cheti chake cha kuzaliwa na vyeti vya vifo vya wazazi wake mapema, wakati mashahidi wangalipo, na umwandikishe shule kwa majina yale yale yaliyo kwenye cheti. (Ada na sare ndizo hutushughulisha, ilhali hizo huchangiwa na ukoo.)

Lakini kilichoniumiza zaidi kilitokea ndani ya daladala, tukitoka kwa wakili. Kijana aliniuliza, "Mama, majina matatu ya baba yalikuwa yapi?" Picha ya dada ilikuwa sebuleni miaka yote, na habari zake tulizisimulia, shemeji hatukumtaja, kwa kuogopa kumvunjia heshima mume wangu, ambaye hakuwahi kutuomba tufiche chochote. Mtoto wa miaka mitano angepokea jina hilo kama habari ya kawaida. Wa miaka 19 aliomba aandikiwe kwenye karatasi.

Baadaye mume wangu alipendekeza abaki na jina alilolizoea, mimi nikashauri arudishe la baba yake. Kijana mwenyewe aliliacha la mume wangu libaki kwenye vyeti, akaenda kijijini peke yake kujengea kaburi la baba yake, nasi tulijulishwa aliporudi.