Shoti ni ipi, na waya "umekatika" au "umekatwa"?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina gari la zamani ambalo umri wake unakaribia wangu. Juzi liligoma kuwaka. Fundi wa kwanza alifungua boneti, akachungulia, akasema "lina shoti". Wa pili akasema "kuna waya umekatika". Wa tatu akasema "ethi imekufa". Nikamsimulia shemeji yangu, naye badala ya kunipa pole akanisahihisha: shoti si Kiswahili, sema hitilafu ya umeme. Nani kati yao kasema sawa? Na ni "waya umekatika", "waya umekatwa" au "waya imekatika"?

Jibu: Marahaba, na pole kwa gari.

Nianze na shemeji. Shoti limekopwa kwa Kiingereza, hapo kasema kweli. Lakini tukianza kuyafukuza maneno ya kukopa, gari lako litabaki bila betri, bila injini, bila boneti, na hilo neno "gari" lenyewe itabidi lirudi Bara Hindi. Hata hitilafu anayoitetea ni ya Kiarabu, na maana yake ya asili ni kutofautiana. Ni neno zuri kwa ripoti ya bima. Kwa fundi halisaidii kitu, kwa sababu gari lisilowaka kila mtu anaona lina hitilafu.

Ubaya wa shoti uko kwingine: limebebeshwa mizigo mingi mno. Farasi akikimbia kwa kasi anakwenda shoti. Mtunza fedha akihesabu jioni akakuta pesa pungufu, ana shoti. Mtu akigusa waya wenye umeme akarushwa, amepigwa shoti. Halafu ndiyo hii ya fundi wako, ambayo kwa maana yake finyu ni umeme kupata njia ya mkato: waya wa moto umegusa chuma cha bodi au waya mwenzake kabla haujafika kwenye taa au mota uliyokusudiwa kuifikia. Mafundi wengi wameivuta hiyo ya mwisho ikafunika kila kitu. Taa haiwaki, shoti. Betri imelala, shoti. Honi inalia yenyewe usiku, shoti pia.

Na hapa ndipo ninapowalaumu, maana Kiswahili kimewapa vitenzi ambavyo, vikitumiwa sawasawa, vinafanya nusu ya kazi ya uchunguzi.

Tuchukue "umekatika" na "umekatwa". Vyote vinatokana na kata, ila -katwa ni kutendwa: kuna mkono uliofanya. Ndiyo maana unaweza kusema "waya umekatwa na fundi wa redio", lakini huwezi kusema "waya umekatika na fundi wa redio", sikio linakataa. Katika ni kutendeka: waya uko katika hali ya kukatika na mkono hautajwi. Kwenye gari kuukuu tofauti hii ina uzito. Waya uliokatwa huwa na ncha safi, pengine umefungwa utepe mweusi, nao unakuambia kuna mtu alipita hapa akaondoa kitu au akaongeza. Waya uliokatika umechoka. Miaka ya joto la injini imekausha ganda lake, ukiukunja ganda linapasuka kama mkate uliolala nje, na shaba ndani imegeuka kijani. Mara nyingine ganda linaonekana zima kabisa huku nyuzi za ndani zimeachana, na unagundua tu unapouvuta taratibu ukaona unarefuka kama mpira. Kwa hiyo fundi akisema "umekatwa", muulize umekatwa na nani. Akisema "umekatika", muulize wapi.

Waya uliokatika, iwe kwa uchovu au kwa mkasi, hauleti shoti maadamu ncha yake haijagusa chuma. Umeme haupiti, basi. Fyuzi inabaki nzima, na kifaa kinakaa kimya zii.

Shoti yenyewe inahitaji kauli nyingine, ya kutendana: nyaya *zimegusana*. Hiyo -na ya mwisho ndiyo picha kamili, kwa sababu shoti haifanywi na waya mmoja peke yake. Lazima kuwe na wa pili, au chuma cha bodi kinachosimama badala yake. Kabla ya kugusana, kwa kawaida waya *umechubuka*. Niliwahi kuwa na gari lililokuwa likiunguza fyuzi ya feni kila baada ya siku chache. Fundi alibadilisha fyuzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne akaweka kubwa zaidi "ili ivumilie". Ikavumilia kweli. Kilichoshindwa kuvumilia ni waya, na harufu yake ilitufikia ndani ya gari kabla ya moshi. Tulipofuatilia tukakuta ulikuwa unasugua ukingo wa bati karibu na rejeta, umechubuka sehemu isiyozidi ukucha. Barabara laini, hakuna neno. Gari likiruka tuta, unagusa.

Ndiyo maana "fyuzi imeungua" naiona ni sentensi isiyokamilika. Ungua ni hali, unguza ni tendo, na swali la kumrudishia fundi ni: imeunguzwa na nini? Fyuzi imewekwa pale ife badala ya waya. Ile nyekundu ya ampea 10 ukiiondoa ukaweka ya kijani ya ampea 30, umeuambia waya mwembamba ubebe mara tatu ya mzigo wake, na wa kufa sasa ni waya.

Kuna kundi la tatu ambalo halijakatika wala halijagusana, na kwenye magari ya zamani ndilo linalosumbua kuliko yote: vitu *vilivyolegea*, *vilivyoachia* na *vilivyoliwa na kutu*. Hapa ndipo penye ethi ya fundi wako wa tatu. Ethi ni neno la karakana na mimi nalikubali. Wako wanaopenda kulitafsiri "waya wa ardhi". Kwenye nyumba sawa, maana huko waya unashuka mpaka kwenye chuma kilichozikwa ardhini. Gari limekaa juu ya mpira mtupu, ardhi gani? Ethi ya gari ni bodi na injini yenyewe, vilivyoungwa na kichwa hasi cha betri kwa waya mnene, ili umeme uliotoka kwenye kichwa chanya upate njia ya kurudi nyumbani.

Sasa, ethi "imekufa"? Hapana. Kufa ni kwa kitu kinachofanya kazi: stata, ile mota inayoizungusha injini iwake, hufa; alteneta, inayoichaji betri, hufa. Ethi ni njia tu, na njia huziba. Sema imelegea, imeachia au imeliwa na kutu, na kila kimoja kina tiba yake: kaza nati, funga upya, au fungua usugue kwa msasa mpaka chuma king'ae ndipo ufunge. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: unawasha indiketa, na taa nyingine isiyohusika nayo inakonyeza, kwa kuwa umeme uliozibiwa njia unarudi kwa njia ya jirani. Ukitaka uhakika, weka mita kwenye volti, mguu mmoja kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye chuma kisafi cha injini, halafu mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, njia imeziba.

Kuhusu betri, tofautisha *imelala* na *imekufa*. Iliyolala ukiichaji inaamka na kukaa. Ikiwa nzima na imejaa, ikapumzika, inasoma takriban volti 12.6, ikishuka karibu na 12 imelala. Iliyokufa unaijaza usiku kucha, ukipiga stata inaanguka palepale. Sikiliza pia stata inasemaje. *Tatatata* ya haraka huashiria betri haina nguvu au vichwa vyake vimelegea. *Tak* moja nzito, kisha kimya, huelekeza kwenye stata yenyewe au waya wake mnene. Mwambie fundi mlio huo kama ulivyousikia, usiutafsiri.

Na betri inayolala kila asubuhi bila sababu, sema umeme *unavuja*. Ni sitiari ya ndoo, lakini inafaa mno, kwani tundu lake hutafutwa vilevile. Unafungua waya hasi, unaweka mita ya ampea katikati ya waya na betri, kila kitu kikiwa kimezimwa, kisha unachomoa fyuzi moja moja. Ikisoma chini ya miliampea 50 hivi, si kitu. Ikiwa juu sana, ile fyuzi inayoiangusha ghafla ndiyo inayokuonyesha tundu lilipo. Usithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo katikati. Itaungua, na hiyo itakuwa imeunguzwa na wewe.

Kwa hiyo kati ya mafundi wako, wa pili ndiye aliyesema neno linaloweza kupimwa, kama alikuonyesha huo waya. Wa kwanza alichungulia tu. Wa tatu huenda kaona sawa ila kasema ovyo. Mwambie aguse ethi kwa mkono aone kama inacheza.

Upatanisho: waya uko katika ngeli ya u-/zi-, hivyo waya umekatika, nyaya zimekatika. "Waya imekatika" utaisikia kila karakana na hakuna atakayeshindwa kukuelewa, ila usiiandike. Fyuzi na betri ni i-/zi-. Gari kwa usanifu *lina*, ingawa wengi wetu, likigoma kuwaka alfajiri, hujikuta tukisema "hii gari".