Swali: Tulipitisha kisima, imekuja hela ya ofisi ya kijiji. Hii imekaaje?

SWALI: Habari mtaalam. Mi ni mjumbe mpya wa halmashauri ya kijiji. Mkutano mkuu ulipitisha kisima, sasa mtendaji anasema hela iliyoshuka ni ya kumalizia ofisi ya kijiji. Hivi serikali za mitaa kazi yake ni nini hasa, kupokea tu?

JIBU: Salama ndugu mjumbe, na hongera kwa kuchaguliwa.

Hapana, sio kupokea tu. Katiba ya Tanzania ibara ya 146 inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Na hilo halikuandikwa kwa mapambo, maana kuanzia mwaka 1972 halmashauri zilifutwa kabisa, mambo yakawa yanaamuliwa mkoani na wilayani na maafisa, miji ikaharibika mpaka za mijini zikarudishwa 1978, halafu zikaja sheria za 1982 na za wilaya zikaanza tena 1984. Kwahiyo mpango unatakiwa uanzie kwenye kitongoji, uje halmashauri ya kijiji, upite mkutano mkuu, uende kamati ya maendeleo ya kata, ndo ufike kwa madiwani.

Sasa kisima chenu. Watu wengi hawajui kwamba tangu 2019 maji ya vijijini yako RUWASA (wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini), hayako tena mkononi mwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, kama barabara zilivyohamia TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) 2017. Muhtasari wa mkutano wenu ukiishia kwenye faili la halmashauri ya wilaya basi umelala hapo, nendeni na nakala kwa meneja wa RUWASA wa wilaya pia. Mi binafsi naona huku kuhamisha kumeleta ufundi mzuri ila mwananchi kapunguziwa nguvu, diwani anaulizwa maji na hana fungu la maji.

Kingine muhtasari wenyewe. Nimekaa idara ya mipango miaka mingi, nimesoma mihtasari imeandikwa "wananchi waliomba maji" basi, hakuna kitongoji gani, kaya ngapi, wanachota wapi kwa sasa, eneo limetolewa na nani. Kijiji kingine wameshatenga eneo na wameweka mchango benki, hapo afisa anaanzia wapi kuwaruka?

Hiyo hela ya ofisi msiing'ang'anie, ikishaletwa kwa kazi fulani kijiji hakiwezi kuigeuza. Ila mna haki ya kuuliza ilitoka mpango upi na nani alipitisha, na mahali pa kuuliza ni mkutano mkuu ambao kisheria ni kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapohapo, sio "tutabandika ubaoni". Mwenyekiti akichelewesha mkumbushe kwa barua, mdomo unasahaulika.

Na msingoje Aprili bunge likianza bajeti, wakati huo mipango yenu ishafungwa. Oktoba hivi muwe mshapitisha na kupeleka kata.