Shubiri, mwarobaini na ile krimu isiyo na lebo

SWALI: Dada shikamoo. Mi nina ukurutu tangu mdogo, ile wengine wanaita pumu ya ngozi, unakaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti na sasa umepanda mpaka shingoni. Dokta alinipa krimu ya steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, nikaiacha kwa kuogopa isije ikaniharibu ngozi, nikahamia kwenye mitishamba, napaka shubiri (aloe vera) toka kwenye jani moja kwa moja na kuoga maji ya moto ya mwarobaini. Mwanzo nilipata nafuu alafu ikaanza kuchoma. Juzi juzi nikapewa krimu ya mitishamba haina lebo wala nini, siku tatu tu ngozi ikawa kama ya mtoto, nilivyoacha yote ikarudi na zaidi! Je mitishamba itaniponyesha kabisa au najidanganya?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Mi mwenyewe ninao huu ukurutu, najua ule usiku unaamka saa nane unajikuta umeshajikuna mpaka shuka lina damu, kwa iyo siwezi kukucheka kwa kujaribu kila unachoambiwa.

Nikujibu kwanza hilo la mwisho. Hapana, hakuna mmea unaong'oa ukurutu moja kwa moja, na hospitali pia hawana dawa ya hivyo. Ni ugonjwa wa kuishi nao na kuutuliza, ila ukitulizwa vizuri unaweza ukakaa miezi mingi umelala kabisa. Ngozi yetu sisi ni kama paa linalovuja, maji ya ndani yanatoka na vitu vya nje vinaingia, ndo maana inakauka, inawasha, unakuna, inavimba, inawasha tena. Kwa hiyo mmea wowote unaotaka kuutumia jiulize kwanza, huu unaziba paa au unazidi kulitoboa?

Sasa shubiri yako. Ukikata jani utaona chini ya ganda kunatoka maji ya njano machungu, yale sio dawa ya kupaka, yale ndo yanayokuchoma. Lisimamishe jani kwenye kikombe upande uliokatwa ukiwa chini mpaka yale ya njano yaishe kutoka, menya ganda lote, osha ule ute mweupe unaong'aa kama barafu, huo ndo wa kupaka. Na hata huo unapoza tu kwa muda, hauzuii ngozi kukauka, usipopaka kitu cha mafuta juu yake, nusu saa tu unajikuna kama kawaida.

Mwarobaini tunaupenda na jina lenyewe linatuambia unatibu magonjwa arobaini, sawa, majani yake yana nguvu kweli dhidi ya baadhi ya bakteria na fangasi, lakini supu nzito ya majani tena ya moto kila siku inakausha ngozi ambayo tayari ni kavu. Maji ya moto peke yake ni adui mkubwa wa ukurutu hata bila mwarobaini ndani. Oga ya uvuguvugu, dakika tano mpaka kumi zinatosha, jipanguse kwa kugusagusa sio kusugua, alafu ngozi ikiwa bado ina unyevu paka mafuta hapo hapo. Ya nazi yasiyo na manukato ni mazuri, ya alizeti pia, jeli ya petroli ya kawaida nayo inafanya kazi kuliko mitishamba mingi japo watu wanaidharau. Ya zeituni achana nayo kwenye ngozi hii, utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha yanadhoofisha tabaka la juu la ngozi. Na tafadhali usipake limau wala kitunguu saumu! Kitunguu saumu kinaunguza, limau ukipaka ukatoka juani unapata malengelenge na madoa meusi yanayokaa miezi.

Mmea mpya wowote jaribu kwanza sehemu ndogo ndani ya mkono, subiri siku mbili. Cha asili nacho kinaleta aleji.

Ila kilichonishtua kwenye barua yako ni hiyo krimu. Mdogo wangu, mitishamba haifanyi kazi kwa siku tatu namna hiyo. Uingereza mwaka 2003 walipima krimu 24 za "mitishamba" zilizokuwa zinatumiwa na wagonjwa wa ukurutu, 20 zikakutwa na steroidi ndani, na baadhi zilikuwa na ile kali kabisa inayoitwa klobetasoli. Yani unaikimbia steroidi ya dokta unayoijua jina na kipimo, unaenda kupaka kali zaidi shingoni, sehemu yenye ngozi laini, bila kujua! Iache, na uende nayo kwa dokta wa ngozi aione. Steroidi ikitumika kwa kipimo na kwa siku ulizoambiwa haiharibu ngozi kama unavyoogopa. Krimu ya urefu wa kutoka kwenye ncha ya kidole cha shahada mpaka pingili yake ya kwanza inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Inazima moto, mafuta yako ya kila siku yanazuia usiwake tena, na shubiri ibaki ya kupoza.

SWALI: Dada, mwanangu ana miezi 7 na ana ukurutu mashavuni. Bibi yake anataka tumnyweshe mafuta ya mwarobaini matone machache asafishe damu. Ni salama?

JIBU: Usimpe hata tone mama. Mafuta ya mwarobaini yakinyweshwa watoto wachanga yameshaleta kutapika, degedege, kupoteza fahamu na hata vifo. Mwambie bibi kwa upole kwamba ukurutu hautokani na damu chafu, na mpe kazi ya kumpaka mjukuu mafuta laini yasiyo na harufu mara mbili au tatu kwa siku, atafurahi. Mashavu yakianza kutoa maji na magamba ya njano mpeleke kliniki, bakteria wameshaingia. Ukiona vipele vya maji vinavyomuuma vinasambaa haraka huku ana homa, usisubiri kuche, ni hospitali usiku huo huo.